Mwanga Sifuri

4 Machi 2013, Jumatatu

Nimeanza daftari hili kwa sababu lilikuwa mezani na kalamu ilikuwa juu yake. Leo ni siku ya ishirini na mbili ya eda.

Niandike mara moja ili nisirudie. Mume wangu Abdillah alikuwa fundi hapa Mugumu, simu na kompyuta, nami nilifanya kazi naye dukani. Rashi ya dhahabu, watu kukimbilia machimbo mapya, ilipoanza upande wa Tarime, alifunga duka akaenda kutengeneza pampu za maji kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji. Tarehe kumi na moja Februari alishuka kwenye duara la mzee Machage kukagua pampu. Saa nane mchana matimba, magogo yanayoshikilia kuta, yakavunjika, duara likatitia. Zilitolewa maiti tisa, yeye hayumo. Baada ya siku nane wakakubaliana lifukiwe. Sheikh Athuman alisema kwa kuwa wapo waliomwona akishuka, nihesabu eda tangu siku ile: miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato, bila kutoka.

Sijalia. Siku za msiba nilijifunika kanga uso mzima, akina mama wakanipigapiga mgongo wakisema lia, mwanangu, lia utoe. Chini ya kanga nilikuwa nahesabu maua ya mkeka.

6 Machi

Mvua. Uji wa wimbi, ulezi wa huku kwetu.

8 Machi, Ijumaa

Mama mkwe wangu, Bi Adija, amehamia hapa kunisimamia eda. Ananisimamia kweli. Nikisogelea dirisha anakohoa. Lakini anapika vizuri, na hajawahi kuniuliza kwa nini silii, kwa hiyo sina ugomvi naye.

Baada ya sala ya Ijumaa alitoka na simu nyuma ya jiko akaongea muda mrefu. Anasema mtandao unashika kule tu. Alikuwa akiongea na dada yake wa Kigoma.

13 Machi

Leo amekuja Kornelio. Ni mtu wa Nyansurura, Mkatoliki, rafiki wa Abdillah, na ndiye aliyekuwa karani wa duara la Machage. Alikaa sebuleni, mimi chumbani, pazia katikati, Mama kwenye kigoda akiwa kama askari wa geti.

Ameleta kompyuta yake ndogo ya mapajani ndani ya kiroba cha wimbi. Siku ile ya tukio ilinyeshewa, naye akaifukia kwenye wimbi kama watu wanavyofukia simu iliyoingia maji. Sasa inaunguruma lakini kioo ni cheusi. Fundi wa Tarime kasema kioo kimekufa. Wa Musoma kasema hivyo hivyo.

Humo ndimo ilimo orodha. Kila aliyeshuka aliandikwa jina na saa, kila aliyepanda aliandikwa saa. Maiti zilikuwa tisa, lakini familia zinazosema mtu wetu alikuwa humo zimefika kumi na sita. Wengine wanasema waliobaki hawakufa, walikimbilia rashi nyingine huko Kenya. Wazee wameamua kwamba masika yakiisha na barabara zikipitika, watu wakutane, Kornelio awasomee orodha. Asipoisoma watasema ameificha.

Nilimuuliza kupitia pazia kama siku ile alimwandika Abdillah.

"Akishuka nilimwandika, shemeji. Akipanda sikumbuki. Mvua ilikuwa imeanza, watu wanapanda kwa fujo kwenda kula, mimi naandika tu majina yanayoitwa. Kilichomo kimo humo."

Halafu akasema ameileta kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyeitia mfumo. Ni kweli. Mwaka jana virusi viliimaliza, nikafuta yote nikaiwekea Linux. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa vitufe vya mstari wa juu, vile vya mwanga na sauti, havikuitika. Nilitaka kubaki nayo siku mbili zaidi. Abdillah akasema vitufe vinaweza kusubiri, mteja hawezi. Kornelio akaondoka nayo hivyo hivyo, mwanga akawa anapunguza kwa kipanya.

14 Machi

Mama anasema mwenye eda hashiki kazi ya duka, na kikopo cha watu kimekufa, kirudishwe kwao. Nikamtuma jirani kwa Sheikh. Jibu limekuja kwamba mikono haina eda, ilimradi nisitoke.

15 Machi

Punje za wimbi chini ya vitufe: thelathini na moja, nimezitoa kwa sindano. Kitufe cha Fn, kile cha pembeni ambacho bila kukishikilia vya juu havifanyi kazi yake, kilikuwa kimekwama kabisa. Sasa kinapanda na kushuka.

Nimewasha. Giza. Nikakaa kusubiri bila sababu, na baada ya dakika moja ikapiga ile ngoma yake ndogo ya kukaribisha. Mashine iliyokufa haipigi ngoma. Kilichokosekana ni mwanga tu. Sikumwambia mtu.

19 Machi

Umeme hakuna. Maji ya bwawa la Manchira nayo hakuna.

22 Machi, Ijumaa

Nimekumbuka tochi ya kichwa. Ilikuwa kwenye begi la Abdillah, lile lililobaki kibandani kwa Kornelio akaturudishia. Nikaivaa, nikainamia kioo kwa ubavu, na maandishi yakaonekana, hafifu, kama yameandikwa kwa maji. Kipimo cha mwanga kimesimama sifuri. Nimeelewa. Kornelio anatumia betri ya sola, kila siku anapunguza mwanga ili chaji ifike jioni, na siku ile na mvua yake alivuta mpaka mwisho. Kwenye mfumo huu mwisho ni giza tupu, na mashine inakumbuka ulipoiacha. Vitufe vingefanya kazi angebonyeza kimoja tu kioo kikawaka. Kwa hiyo ni vile vitufe vyangu vilivyosubiri.

Niliona pia faili moja kwenye ukurasa wake wa mwanzo: Wanaoshuka Februari. Sikulifungua. Kazi niliyopewa ni vitufe.

Mama aliingia akanikuta na tochi kichwani. Akauliza nimeona nini. Nikamwambia vitufe. Akachukua simu akaenda nyuma ya jiko.

28 Machi

Amekuja Bhoke wa Busawe. Mume wake Mseti alikuwa mchimbaji kwenye duara lile, naye hajapatikana. Wazee wa ukoo wao wamekataa kumwekea matanga. Wanasema hawamlilii mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa, atakuja kurudi awakute wameshakula matanga yake. Kwa hiyo Bhoke si mke wala mjane. Ameniletea maziwa ya mgando. Alikaa, akaiangalia kompyuta, akauliza, "Kimewaka?"

"Bado."

Ningeweza kumvisha ile tochi asome mwenyewe. Nilijiambia kwamba orodha haisomwi kwa tochi mbele ya wazee, watasema tunapiga ramli. Hiyo ni kweli, lakini siyo sababu.

3 Aprili

Nimesoma kurasa za mafundi mtandaoni kwa simu mpaka bando likaisha. Kumbe tatizo letu wanalo watu wa Brazili.

9 Aprili

Kuna amri ya kusikiliza vitufe. Unaiandika, inakaa kimya, ukibonyeza kitufe chochote inakuandikia imesikia nini. Nikabonyeza Fn na F6. Ikatoka mistari. Nikabonyeza tena, ikatoka tena. Kumbe kitufe kinaongea siku zote. Anayetakiwa kuitika ndiye hayupo.

Ilikuwa habari nzuri na niliitambua kuwa nzuri, lakini ndani sikusikia chochote, ni kama kutia chumvi kwenye mboga huku una mafua.

11 Aprili

Bhoke. Kimewaka? Bado.

12 Aprili, Ijumaa

Mama nyuma ya jiko. Leo alicheka, nilimsikia. Alivyorudi alinipikia wali wa nazi, nazi yenyewe imetoka mbali. Nikafikiri, mama wa watu amefiwa na mtoto wa pekee na bado anajitahidi kunifurahisha. Nikaona nimekuwa mbaya kumwita askari.

18 Aprili

Kimewaka? Bado. Mtori.

25 Aprili

Bhoke hakuja, mto umejaa. Mvua siku nne. Mama anasema tena kompyuta irudishwe, mara hii kwa sauti ya ukali. Anasema chuma cha machimbo hakikai kwenye nyumba ya msiba. Sijawahi kusikia mwiko huo, na nimezaliwa Mwislamu.

2 Mei

Nikiwa navaa tochi leo, wazo limekuja lenyewe, nikiwa sijaliita. Mtu akishuka duarani anavaa tochi kichwani. Chini kule ni giza. Sasa tochi ya Abdillah ilikuwa inafanya nini kwenye begi?

Labda alikuwa nazo mbili.

3 Mei, Ijumaa

Labda aliazima ya mtu.

Mama nyuma ya jiko.

10 Mei, Ijumaa

Nimepata pale penye kosa. Ndani ya mfumo kuna mafolda mawili ya mwanga. Moja mfumo unaliandikia kila ukibonyeza kitufe, na namba inabadilika vizuri kabisa, moja, mbili, tatu. Lakini taa ya kioo haifuati folda hilo, inafuata la pili. Kwa hiyo mashine inajisomea kwamba imewaka, na wewe umekaa gizani. Nikaandika namba kwa mkono kwenye lile la pili, na kioo kikawaka, kikaangaza chumba kizima.

Nikafunga mfuniko haraka. Moyo ulikuwa unaenda mbio, kitu ambacho haujafanya tangu Februari.

Mama aliuliza kutoka sebuleni kuna nini. Nikasema umeme umerudi.

11 Mei

Nikizima na kuwasha, mwanga unarudi sifuri. Kornelio hajui kuandika amri. Kwa hiyo kazi haijaisha, siwezi kuirudisha, na wala sina haja ya kufungua faili la mtu. Nimeandika haya nione yanavyoonekana kwenye karatasi. Yanaonekana uongo.

16 Mei

"Kimewaka?"

Bhoke amekonda. Watoto wa jirani wanawaambia wanawe, baba yenu kaoa Mkenya. Anasema hataki tena Mseti awe hai wala awe amekufa, anataka tu kuambiwa. Nikamwambia bado. Alipotoka nilijiona mwizi. Hilo nililisikia vizuri kabisa.

20 Mei

Dawa ni maneno mawili tu kwenye mstari unaoamsha mashine: acpi_backlight=vendor. Maana yake, folda la kwanza liachwe, litumike lile lenye taa. Nimeyaandika, nimehifadhi, nimezima, nimewasha. Giza.

24 Mei, Ijumaa

Siku nne nimehangaika, kumbe niliandika nikasahau kuiamuru mashine iupokee mstari mpya. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Abdillah angenicheka mwezi mzima. Nimetoa amri, nimewasha, nimeshika Fn, nimebonyeza F6.

Mwanga ukapanda. Ngazi kumi. F5, ukashuka ngazi kumi. Sauti nayo nikaielekeza, ikaitika. Nilipandisha na kushusha mpaka adhuhuri.

Vitufe vimekwisha. Sina kazi nyingine ya kujifichia.

30 Mei

Mvua imekatika. Kornelio amepiga simu: mkutano ni Jumamosi tarehe nane, ataifuata kompyuta Ijumaa. Bhoke kaja. Nimemwambia kimewaka, asubiri wiki moja asomewe pamoja na wenzake. Alinishika mikono yangu yote miwili.

5 Juni, Jumatano

Nimefungua leo, baada ya chai.

Tarehe kumi na moja Februari kuna majina thelathini na nane. Kornelio anaandika vizuri hata kwenye mvua. Nimesoma kuanzia juu, sikuruka. Mseti aliingia saa nne na robo, kutoka hakuna. Abdillah fundi aliingia saa tano na dakika kumi. Alitoka saa sita na nusu. Kwenye maelezo: amekwenda Sirari kununua mpira wa pampu.

Nikasoma mara ya pili. Duara lilititia saa nane. Sirari ni mpakani, ukivuka uko Kenya. Begi lake aliliacha kibandani, tochi ndani.

Nilikaa. Halafu yakaanza kuja mengine, moja moja: Ijumaa, nyuma ya jiko, kicheko, wali wa nazi, chuma cha machimbo. Nilibeba kompyuta mpaka sebuleni nikaiweka kwenye mkeka mbele ya mama mkwe. Nikamwambia, Mama, soma hapa. Akasema haoni, hana miwani. Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani pake. Nikashika Fn, nikapandisha mwanga ngazi moja, nyingine, nyingine, mpaka mwisho.

"Zima, mwanangu," akasema.

"Alipiga lini mara ya kwanza?"

"Ijumaa ya kwanza ya Machi." Alikuwa anaangalia mlango. "Nilishalia siku kumi na nane, Ummy. Simu ikalia, nikasikia mwanangu. Wewe ungefanya nini?"

"Ningekwambia."

Halafu akaeleza, na mimi nikasikiliza kama habari za jirani. Abdillah alipofika Sirari alipata habari kwamba duara limetitia na yeye amehesabiwa ndani. Akavuka. Yuko kwenye machimbo huko Migori. Alimwambia mama yake kwamba amechoka na duka, amechoka na Mugumu, amechoka na nyumba isiyo na mtoto, na kwamba watu wakishamlilia, ni wepesi kwa wote. Aliapa kwamba akikaa vizuri atarudi mwenyewe aseme. Nikauliza kama anaishi na mtu. Mama akasema hakumuuliza, kwa namna ambayo nilijua alimuuliza.

Nilimuuliza aliwezaje kunikoholea nikisogelea dirisha, kwa ajili ya mtu anayekula ugali Migori. Alisema alifikiri nikikaa eda angalau nitabaki wa nyumba hii, mpaka mwanawe arudi. Hapo alilia. Mimi nilikaa pale nikiwa na hasira, hasira kavu, na nilishukuru kuwa nayo maana ni kitu.

Alipomaliza kulia akaniambia basi niache eda, nivae, nitoke nje, eda ya mtu aliye hai ni mkosi.

"Zimebaki siku kumi na tano," nikamwambia. "Nitazimaliza."

7 Juni, Ijumaa

Kornelio amekuja. Kupitia pazia nimemfundisha: Fn na F6 juu, Fn na F5 chini, na asishushe mpaka mwisho hata sola ikiwa hoi. Alifurahi mno, akabonyeza mara nyingi. Nikamwambia kesho asome majina yote, na la Abdillah alisome pamoja na saa zake. Nikasikia anabonyeza, nadhani alikuwa analitafuta. Kisha akasema, "Shemeji, nisamehe. Ni mimi niliyemwandika." Nikamwambia aliandika kilichotokea.

Mama hakwenda nyuma ya jiko leo.

10 Juni

Bhoke amekuja kunisimulia. Walioshuka na hawakupanda ni kumi na watatu. Tisa walishazikwa, wanne wamo mle mle, na Mseti ni wa pili kati ya hao wanne. Wazee wamekubali. Kesho kutwa wanachukua udongo wa pale wanampeleka kwao Busawe. Alisema haya yote vizuri, kwa mpangilio, halafu katikati ya neno akaanguka kwenye mkeka akalia kwa Kikurya, nami nikajikuta chini pamoja naye nalia, kwa sauti, mpaka kamasi. Nilimlilia Mseti. Nilimwona mara moja tu, alileta redio iliyokuwa imeingia mende.

Bhoke alipojifuta alinipa pole. Nikaipokea.

12 Juni

Watu wanakuja kunipongeza. Wanavua viatu pale pale walipovua Februari, wanakaa kwenye mkeka ule ule, wanasema hongera, kumbe mzee yuko hai, Mungu mkubwa. Mmoja kaleta soda.

14 Juni, Ijumaa

Sheikh Athuman ametuma ujumbe kwamba mtu aliye hai hana eda, na kama nina madai dhidi ya mume, mlango wake uko wazi. Nikamuuliza kwa mjumbe kama ni haramu mwanamke kukaa ndani ya nyumba yake bila manukato. Akajibu si haramu. Basi nimekaa. Hayo ya madai nitampelekea, kila jambo na zamu yake.

17 Juni

Mama amefunga mizigo, kisha ameifungua. Hatuongei sana. Anapika, nakula.

20 Juni, Alhamisi

Magharibi imeingia. Nimeoga.

21 Juni, Ijumaa

Nilivaa gauni la kijani, nikajipaka mafuta, nikatoka. Jua lilikuwa kali kuliko nilivyokumbuka. Nimefungua duka, nimefagia mavi ya panya, nimewasha mashine ya kazini. Mteja wa kwanza alileta simu iliyozama kwenye ndoo. Nilimkataza wimbi.

Saa saba simu yangu ikalia. Namba inaanza na mbili tano nne, ya Kenya. Nikapokea. Upande wa pili kulikuwa na kelele za jenereta na mtu anavuta pumzi. Akasema jina langu. Akasema mama amemwambia kila kitu, akasema nimpe nafasi aeleze, yeye ni mume wangu.

Nikamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mtu aliyechelewa kupata habari, "Pole. Mume wangu alifariki tarehe kumi na moja Februari. Eda yake nimemaliza jana."

Nikakata. Mteja aliuliza ni nani. Nikamwambia amekosea namba, nikaifungua simu yake. Ilikuwa imejaa maji, lakini itapona.